Fiqhi ya Usiku Kambini: Twahara, Swala na Usalama Mlimani



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu wanafunzi, kila likizo inapokaribia utasikia kundi la vijana wetu likipanga safari ya kwenda kulala mlimani. Hapa Uganda wengi huchagua Mlima Elgon, kwa sababu uko karibu na Mbale na kilele chake, Wagagai chenye mita 4,321, hufikiwa kwa miguu bila vifaa vya kukwelea barafu. Mimi nimelala katika kambi za mlima huu mara kadhaa nikiwa na makundi ya wanafunzi, na maswali ninayoulizwa usiku ni yale yale. Maji ni baridi kama barafu, je, nitie udhu? Kibla ni wapi? Tupunguze swala au tukamilishe? Tuingize jiko hemani tupate joto?

Maswali haya hayafai kuulizwa kwa mara ya kwanza gizani, watu wakitetemeka. Ndiyo maana nimeyakusanya katika somo hili, ili tuyasome tungali mabwenini.

1. Msingi: ruhusa ni sehemu ya dini

Tuanze na visa viwili vilivyopokewa katika Sunan ya Abu Daud. Mambo mengi ya usiku wa kambini yamejengwa juu yake.

Kisa cha kwanza ni cha Amri bin Al-Aas (R.A.) katika msafara wa Dhaatus-Salaasil, mwaka wa 8 Hijria. Usiku mmoja wa baridi kali alipatwa na janaba. Akahofia kwamba akikoga ataangamia, basi akatayamamu na kuwaswalisha wenzake Alfajiri. Waliporudi Madina habari ikamfikia Mtume (S.A.W.), naye akamuuliza ilikuwaje. Amri akamjibu kwa aya ya 29 ya Suratun-Nisaa, ambayo Mwenyezi Mungu anatukataza ndani yake kuziua nafsi zetu. Mtume (S.A.W.) akacheka na hakumlaumu.

Kisa cha pili kimepokewa na Jabir (R.A.). Mtu mmoja aliyekuwa safarini alipigwa na jiwe akajeruhiwa kichwani, kisha akaota na kuamka na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa maadamu maji yapo. Akakoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akawabebesha wenzake dhima ya kifo chake, na akafundisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Viweke visa hivi bega kwa bega. Aliyefuata ruhusa aliishi na Mtume akaridhika naye. Aliyenyimwa ruhusa alikufa, na walaumiwa walikuwa wale waliodhani wanaitetea dini. Kumbe mtu anaweza kuangamizwa na fatwa ya rafiki yake mwenye nia njema. Atakayeongoza kambi na alikumbuke hilo.

2. Kabla ya kupanda: amiri, na nani ni msafiri

Sunna ni kwamba watu watatu wakisafiri wamteue mmoja wao kuwa amiri. Mlimani hili si jambo la heshima tu. Amiri ndiye anayeamua lini kundi lisimame, nani arudishwe chini, na gesi iliyobaki itumike kwa nini. Chagueni mtu mwenye subira, si lazima awe mwenye sauti nzuri ya kusoma. Pamoja naye, Mamlaka ya Wanyamapori Uganda inataka kila kundi liwe na kiongozi wake wa njia. Huyo msikilizeni katika mambo ya mlima kama mnavyomsikiliza shekhe katika mambo ya fiqhi.

Suala la kupunguza swala hutatanisha kwa sababu kundi moja huwa na watu wa hali tofauti. Jamhuri ya wanachuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, wanaweka mpaka wa safari kwenye kilomita 80 na kitu. Kutoka Kampala hadi Mbale ni zaidi ya kilomita 200, kwa hiyo aliyetoka Kampala ni msafiri: anapunguza swala za rakaa nne kuwa mbili, na anaweza kuchanganya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Lakini anayeishi Mbale hafikii mpaka huo akienda Budadiri, ambako njia ya mlima inaanzia, hata ukijumlisha mwendo wa kupanda. Kwa kauli hiyo yeye anakamilisha na kuswali kila swala kwa wakati wake, hata kama amechoka kuliko mwenzake.

Je, watu hawa wawili wakiswali pamoja? Wakazi wakimfuata imamu msafiri, yeye atatoa salamu baada ya rakaa mbili nao watasimama kukamilisha. Msafiri akimfuata imamu mkazi, atakamilisha nne pamoja naye. Imamu msafiri awatangazie kabla ya takbira, watu wasije wakababaika gizani.

3. Kupiga hema

Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kupiga kambi usiku juu ya njia, kwa kuwa usiku ni mapito ya wanyama na makao ya wadudu. Elgon ni hifadhi ya taifa na wanyama wake hutembea usiku. Sogea kando ya kijia, hata kama kijiani ndipo palipo tambarare zaidi.

Angalia pia mteremko ulio juu yako. Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifukia kijiji cha Nametsi huko Bududa, kwenye miteremko ya mlima huu huu, na watu wengi wakapoteza maisha. Usipige hema chini ya mteremko mkali uliolowa mvua, wala katika mkondo ambao sasa ni mkavu lakini mvua ya usiku itaujaza. Tumia kambi zinazojulikana, kama ile ya Mto Sasa yenye mwinuko wa mita 2,900 hivi, au ya Pango la Mude kwenye mita 3,500 hivi.

Kisha pigeni hema kwa kukaribiana. Abu Tha'laba Al-Khushani (R.A.) amesimulia kwamba watu walikuwa wakituama hutawanyika mabondeni, na Mtume (S.A.W.) akawaambia kutawanyika huko kunatokana na shetani. Tangu hapo walikaribiana kiasi kwamba nguo moja ingeweza kuwafunika. Faida yake utaiona saa nane za usiku, mwenzako anapokuita kwa sauti dhaifu.

Mkifika, someni dua ya mwenye kutua mahali, aliyoipokea Khawla bint Hakim (R.A.), ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia. Choo kiwe mbali na mto, si chini ya mita 60, na mbali na kijia na kivuli cha mapumziko, kwani kujisaidia katika njia ya watu na kivuli chao kumekatazwa kwa maneno makali.

4. Twahara katika baridi

Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Mbale iko kwenye mita 1,100 na kidogo. Basi usiku ambao Mbale kuna nyuzi 17, kwenye Pango la Mude unaweza kuwa na nyuzi 2 au 3 tu, na upepo juu yake.

Maji yapo Elgon, kwa hiyo udhuru wa kukosa maji ni nadra. Udhuru unaoweza kupatikana ni baridi yenye kudhuru, na huu una utaratibu wake:

Kwanza, pasha maji moto ukiweza. Maadamu jiko lipo na gesi inatosha, hiyo ndiyo hatua ya mwanzo. Udhu wa mtu mmoja unatoshwa na nusu lita, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa kibaba kimoja.

Pili, tumia ruhusa ya khofu. Ukivaa khofu zinazofunika vifundo vya miguu ukiwa na udhu kamili, huna haja ya kuosha miguu kila mara. Unapaka maji juu yake. Mkazi ana usiku na mchana mmoja, msafiri ana siku tatu na usiku wake. Hapa tena yule wa Mbale na yule wa Kampala wanatofautiana. Muda unahesabiwa, kwa madhehebu ya Shafi, tangu udhu unapotenguka kwa mara ya kwanza baada ya kuvaa. Ama soksi nzito, wanachuoni wametofautiana: Hanbali wanaziruhusu, na Shafi wanaweka masharti ambayo soksi nyingi za madukani haziyatimizi. Muulize shekhe wako kabla ya safari. Na kumbuka kwamba khofu hazifai kwa janaba.

Tatu, ukichelea madhara ya kweli na huna njia ya kupasha maji, tayamamu. Madhara ya kweli ni kuhofia maradhi au kifo. Kuchukia baridi peke yake hakutoshi. Kwa Shafi ni mapigo mawili ya vumbi safi: la uso, na la mikono hadi viwikoni. Wengine wanatosheka na pigo moja la uso na viganja, kwa hadithi ya Ammar (R.A.). Mlimani udongo mara nyingi huwa tope, kwa hiyo mimi hubeba vumbi kavu na safi katika kimfuko tangu nyumbani. Halina uzito, na limewafaa wengi. Mjue pia kwamba kauli yenye nguvu kwa Shafi ni kuwa aliyetayamamu kwa sababu ya baridi ataikidhi swala ile baadaye, na wanachuoni wengine hawaoni haja hiyo. Tofauti hii isiwafanye mkose kuswali kwa wakati.

Safari moja, kwenye Pango la Mude, kijana alinijia kabla ya Alfajiri akiwa na taulo begani.

"Ustadhi, nimeamka na janaba. Naelekea mtoni."

"Mtoni na baridi hii, kaka? Umemweleza amiri?"

"Naona haya, Ustadhi. Na maji yapo, nitasema nini mbele ya Mola wangu?"

Nilimketisha nikamsimulia kisa cha Amri bin Al-Aas. Amiri aliamua gesi ya chai ya asubuhi itumike kupasha jagi moja la maji, bila kumwambia mtu ni kwa ajili ya nani. Kijana akaosha alichoweza kuosha bila madhara, akatayamamu kwa sehemu iliyobaki, akavaa nguo kavu, akaswali safu ya mbele. Tulikunywa chai tuliposhuka kambi ya chini. Tangu siku hiyo, katika kila kikao cha maandalizi nasema wazi kwamba jambo hili ni la kawaida, na kwamba mtungi mdogo wa gesi wa akiba ubebwe kwa ajili yake.

5. Kibla na nyakati

Kutoka eneo la Mbale, Makka iko kaskazini ikiinamia mashariki kwa nyuzi 15 hivi. Dira ya simu haihitaji mtandao, lakini betri huisha haraka kwenye baridi. Njia rahisi ni kutazama machweo jioni: simama bega lako la kushoto likielekea jua linapozama, hapo unatazama kaskazini, kisha geuka kidogo kulia. Weka jiwe au fimbo kuonyesha mwelekeo, usiku usiwasumbue. Vitabu vingi vya kale vinaelekeza kibla kwa Nyota ya Kaskazini. Kwetu, karibu na ikweta, nyota hiyo huwa chini kabisa kwenye upeo na huwezi kuitegemea.

Nyakati nazo zina mambo mawili. La kwanza, njia ya Budadiri iko upande wa magharibi wa mlima, kwa hiyo mlima wenyewe hulificha jua asubuhi. Jua linaweza kuwa limeshachomoza na wewe bado uko kivulini, ukidhani wakati wa Alfajiri ungalipo. Fuata ratiba ya swala, usingoje jua lichungulie juu ya genge. La pili, ukiwa juu unaona mbali zaidi kuliko mtu wa bondeni, na jua huchelewa kukuzamia. Kwenye mita 3,500, upeo ukiwa wazi, tofauti ni dakika 7 hivi. Ukiwa umefunga na bado unaliona jua, usifuturu kwa sababu tu simu imeadhini kwa saa za Mbale.

6. Moto, pumzi na usingizi

Hapa naomba msikilize kwa makini zaidi. Jiko la mkaa, hili tunaloliita sigiri, halilali hemani wala ndani ya kibanda kilichofungwa, hata likibaki majivu mekundu tu. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, iitwayo kaboni monoksidi. Inachukua nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala haamki kuomba msaada. Mtume (S.A.W.) aliposikia nyumba ya Madina imeungua usiku na watu wake wamo, alisema moto ni adui yetu na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Jiko la gesi pia pikieni nje.

Joto tafuteni kwa njia hizi: godoro jembamba la sponji chini yako, kwani ardhi hunyonya joto la mwili kuliko hewa, nguo kavu za kulalia zisizovaliwa mchana, kofia ya sufi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri miguuni. Kanzu ya pamba na jinzi zikilowa hukaa na maji na kukupoza, basi chukueni nguo za sufi au zinazokauka upesi. Kabla ya kuingia katika mfuko wa kulalia, ukung'ute mara tatu kama tulivyofundishwa kukung'uta kitanda, kwani hujui kilichoingia baada yako.

Jueni dalili. Anayetetemeka sana, kisha akaanza kuburuta maneno na kujikwaa, ameingiwa na baridi mwilini. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, mpeni kinywaji cha moto kama anaweza kumeza. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali imezidi kuwa mbaya. Kuanzia mita 2,500 hivi kuna pia maradhi ya mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu. Mwenye dalili hizi asipande zaidi, na zikizidi ateremshwe, hata usiku, akiwa na kiongozi wa njia. Maji ya kunywa yachemke kwa dakika 3, kwa kuwa kwenye mwinuko wa Mude maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi.

7. Dada zetu kambini

Dada wawe na amira wao, mahema yao yawe upande wao lakini si pembeni peke yao, na choo chao kiwe karibu na chenye pazia. Suala la safari ya mwanamke na maharimu lijadiliwe na mashekhe na wazazi kabla ya nauli kulipwa. Dada aliye katika siku zake asilazimishwe kujieleza. Anayetaka maji ya moto apewe bila kuulizwa sababu.

8. Kuamkia Alfajiri

Mtume (S.A.W.) na maswahaba walipokuwa wakirudi kutoka Khaybar walitua usiku, naye akamwachia Bilal (R.A.) kazi ya kukesha. Bilal akaswali alichojaliwa, kisha akaegemea mnyama wake, usingizi ukamchukua. Hakuna aliyeamka mpaka jua lilipowapiga. Wakahama pale kidogo, kisha wakaswali kwa jamaa.

Tunapata mambo mawili. Wekeni zamu za kukesha, watu wawili wawili, na simu ya kuamshia ilale ndani ya mfuko wa kulalia isizimwe na baridi. Na mkipitiwa na usingizi baada ya jitihada ya kweli, msigombane wala msimkebehi mwenye zamu. Swalini mara tu mnapoamka.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Wale waliomwambia majeruhi hana ruhusa walikosea wapi, ilhali maji yalikuwepo kweli?
2. Kundi lina wanafunzi watano wa Kampala na watatu wa Mbale. Nani awe imamu wa Isha, na kila upande utaswali rakaa ngapi?
3. Gesi imebaki ya kupika chakula kimoja tu, na watu wawili wanahitaji maji ya moto ya twahara. Amiri afanye nini?

Ndugu zangu, mlima ni katika alama za Mwenyezi Mungu, na usiku wake humfundisha mtu udogo wake. Nendeni, lakini nendeni na elimu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awarudishe kwa wazazi wao salama, na atujaalie kuzipokea ruhusa zake kwa shukrani kama tunavyozipokea amri zake. Amin.

Wabillahi tawfiq.